Kati ya Nyuzi Mbili na Nane

4 Februari

Mdogo wangu Sumaku,

Salamu kutoka nyumbani. Hatujambo, tunazisukuma siku nazo zinatusukuma. Simu huko mgodini kwenu najua haishiki, na dereva wa lori la vipuri kaniambia barua anakufikishia mkononi, basi nimeshika kalamu. Usiucheke mwandiko. Mkono huu umezoea mkasi.

Nina swali la kwako wewe fundi wa kompyuta. Unaikumbuka ile friji ndogo ya kwenye gari, iliyokuwa pembeni mwa karakana ya Baba, ambayo mwenyewe aliileta kutengenezwa asirudi tena? Nimeifufua. Mota inazunguka vizuri, ila kidhibiti joto chake kimekufa kabisa. Ukiiwasha inagandisha kila kitu, ukiizima inakuwa kabati. Nimeifunga kwenye betri moja ya lori na sola iliyo juu ya bati, maana umeme wa laini huku unakuja ukijisikia.

Sasa nataka kutengeneza kidude kitakachosoma ubaridi wa ndani na kuiwasha na kuizima friji chenyewe, ubaridi usishuke chini ya nyuzi mbili wala usipande juu ya nane. Nataka kuweka juisi za chupa, wateja wangu wa nguo wapate kitu cha kunywa wakati wanasubiri. Sitaki zigande zikapasua chupa. Ni mchezo wangu tu wa jioni, cherehani imenichosha macho. Kulehemu najua, mimi ndiye niliyekuwa namshikia Baba taa wakati wewe unakimbiza mpira.

Muuza vipuri wa mjini ana vibao vya aina nyingi, na kila nikimuuliza ananionyesha kilicho ghali. Niambie wewe: kipi ni rahisi, kipi hakili umeme, kipi mtu wa sindano kama mimi anaweza kukimudu?

Baba hajambo. Hajui kama nimekuandikia.

Dada yako


26 Februari

Dada yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya mzani wa malori, mafuta mikononi, nikacheka peke yangu mpaka msimamizi akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Dada yangu anataka kibao. Haya, kaa chini nikufundishe.

Duniani kuna vitu vitatu vya kuchagua. Kwanza kuna kibao kidogo cha chipu moja, ukubwa wa kidole gumba. Hicho kinajua kazi moja tu. Unakipa wimbo mmoja, kinauimba mpaka siku ya kiyama. Hakina skrini wala kadi ya kumbukumbu, na umeme kinaonja tu. Umeme ukikatika kinakufa, ukirudi kinafufuka palepale kilipoishia bila kuuliza. Bei yake ni kama ya zipu na vifungo. Pili kuna kompyuta kamili iliyojengwa juu ya bodi moja, inakaa kiganjani. Hii unaifunga skrini, unaona mstari wa joto ukipanda na kushuka, unajifunza mambo, hata redio utasikiliza. Inakula zaidi, wati tatu, nne, usiku na mchana. Tatu kuna kompyuta kuukuu za maofisini. Hizo zina nguvu, lakini zinakula umeme kama mgeni aliyekuja msibani na njaa yake. Achana nazo.

Ukweli wa kitaalamu, kwa friji ya betri, jibu ni kile cha kwanza. Ungeniambia ni ya hospitali ningekwambia chukua kidogo, funga mdomo, usitazame kingine. Lakini ni juisi, dada. Na kile kidogo ni bubu. Hakuna mtu atakayesimama kukitazama.

Kwa hiyo nakutumia ya pili. Ninayo hapa, nimeitoa kwenye mzani tulipoweka mpya, bado nzima. Nimeiwekea programu yote, na swichi yake, na skrini ndogo. Wewe utaunga nyaya nne tu, nimekuchorea. Siku moja moja inaweza kuganda, yaani kuduwaa. Ikiduwaa uzime, uwashe. Juisi zitakusubiri.

Iweke mahali ambapo Baba atapita aione. Mwaka wa sita huu tangu nilipoiacha karakana yake akaniambia nisirudi mpaka aniite. Mimi sikuondoka kwenda kucheza, dada. Hebu aone. Usimwambie kitu, mwache aone mwenyewe, halafu uniandikie alifanyaje uso.

Mdogo wako,
Sumaku


19 Machi

Mdogo wangu Sumaku,

Mzigo ulifika bila mkwaruzo. Niliunga nyaya zako nne, na mara ya kwanza niligeuza mbili nikasikia harufu, kumbe ni uzi wa cherehani ulioangukia chuma cha kulehemu. Sasa inafanya kazi. Namba inasema tano, mara nne, mara sita. Naitazama kama mtu anayetazama mtoto mchanga akipumua.

Uliniuliza kuhusu Baba. Alipita siku ya pili akasimama. Akauliza, "Hii nani kaileta?" Nikamwambia. Akaenda uani, akakaa huko kitambo, kisha akarudi amebeba kiti chake mwenyewe akakiweka mbele ya skrini. Akautazama ule mstari mpaka adhuhuri. Akasema, "Aliyelehemu hapa ana mkono mzuri." Pale alipopaonyesha nililehemu mimi. Sikumsahihisha.

Naomba unijibu jambo moja, Sumaku, na usilichukulie juujuu. Hiyo kuduwaa uliyoisema, ikitokea mimi sipo, swichi ya friji inabaki wapi? Imewashwa au imezimwa? Na masika yanakuja, jua litapungua. Betri naona asubuhi imechoka kuliko zamani. Kama kile kidogo ni salama zaidi niambie waziwazi, nitakwenda mjini kukinunua.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Aliweka kiti chake mbele yake! Nimeisoma hapo mara sita. Wenzangu wa bwenini wameijua yote kwa moyo. Alikuwa amevaa miwani? Alicheka? Aligusa? Umeniandikia nusu ya barua kuhusu swichi, wakati mimi nilitaka barua nzima iwe ya Baba.

Tuko katika ukaguzi wa mizani yote, sina nafasi hata ya kukuna kichwa, ndiyo maana naandika kwa haraka. Ikiduwaa, zima washa. Swichi inabaki ilipokuwa, lakini haitatokea mara nyingi. Usinunue kingine ukaitoa hiyo, Baba atauliza imekwenda wapi. Hofu yote hiyo kwa chupa za juisi? Weka mstari uwe wa rangi nyekundu, nimekuandikia nyuma ya karatasi hii namna ya kufanya. Baba anapenda nyekundu.

Mdogo wako,
Sumaku


2 Juni

Sumaku,

Barua hii nimeianza mara nne. Sasa nitaiandika moja kwa moja, na wewe isome ukiwa umekaa.

Baba amekatwa mguu wa kulia, chini ya goti, tarehe ishirini ya mwezi uliopita. Yu hai. Amerudi nyumbani juzi.

Hapakuwa na juisi. Hakuna chupa hata moja ya juisi iliyowahi kuingia katika friji ile. Baba ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa tatu huu, na mwaka jana vidonge vilimshinda, wakamweka kwenye insulini. Dawa hiyo akiba yake inakaa baridini, kati ya nyuzi mbili na nane. Kliniki inatupa ya miezi miwili kwa mara moja, kwa kuwa ni mbali. Aliniapisha nisikwambie. Alisema, "Akijua atarudi kwa huruma, na mimi sitaki mtoto wa huruma. Nitamwita nikiwa nimesimama." Nikaapa. Nilidhani naweza kuchota maarifa yako bila kukupa siri yake. Nilijiona mwerevu.

Kilichotokea ni hiki. Mwishoni mwa Aprili mvua ilinyesha siku tatu, jua halikuonekana. Siku ya tatu nilikwenda mjini kupeleka sare za shule, nikalala huko kwa sababu daraja lilifunikwa na maji. Betri ilishuka, kompyuta yako ikaduwaa, swichi ikabaki imewashwa. Kesho yake jua likawaka kweli, friji ikapata nguvu, ikazunguka mchana kutwa bila wa kuizima. Niliporudi skrini ilikuwa imesimama kwenye tano. Tano, Sumaku. Nikafurahi. Nilipofungua mlango chupa zote zilikuwa barafu.

Nilizishika moja moja viganjani mpaka zikayeyuka. Zilikuwa safi kama maji, hazina doa. Karatasi ya ndani ya boksi ina maandishi madogo kuliko mbegu za mchicha, na siku ya kliniki ilikuwa wiki tatu mbele. Nikasema dawa ni dawa. Vijiti vya kipimo cha sukari vilikuwa vimetuishia tangu mwanzo wa mwezi. Nikaendelea kumchoma sindano asubuhi na jioni. Akawa anakunywa maji sana, anachoka, na kidonda kidogo alichokuwa nacho kidoleni kikageuka rangi. Nikamwambia ni viatu.

Muuguzi wa kliniki aliniuliza swali moja tu. "Dawa hii iliwahi kuganda?" Nikasema ndiyo. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Basi mama, wiki tatu zote ulikuwa unamchoma maji."

Nimekwambia yote. Kiapo nimekivunja, na hakuna cha kulinda tena.

Dada yako


17 Juni

Dada,

Nimeisoma. Nilikwenda nyuma ya karakana nikaisoma tena, kisha nikarudi kazini kwa sababu malori hayasubiri.

Siwezi kuzuia kusema hili, kwa hiyo nasema. Uliniuliza kama mchezo, nikakujibu kama mchezo. Nilikuandikia kwa mkono wangu, ungeniambia ni ya hospitali ningekwambia chukua kidogo. Ulipousoma mstari huo ulikuwa wapi? Kalamu ilikuwa mbali? Neno moja tu, dada. "Dawa." Herufi nne. Ningekuja nayo mwenyewe, ningefunga vibao viwili, kimoja kikimlinda mwenzake, ningeweka kengele. Mimi kazi yangu ni kuzuia mashine zisiue watu, nalipwa kwa hilo, halafu nyumbani kwetu...

Miaka mitatu anaumwa na mimi nilikuwa naletewa habari za "hatujambo". Kila barua, hatujambo.

Nimeomba ruhusa. Wamesema ukaguzi ukiisha. Baba anasemaje? Anajua nani aliyeichagua ile bodi? Nijibu hilo kabla ya yote.

Sumaku


8 Julai

Sumaku,

Umeuliza mstari ule niliusoma nikiwa wapi. Niliusoma nimesimama mlangoni, na mkono mmoja nimeshika sindano ya Baba. Niliurudia mara tatu. Nilikaribia kukuandikia, nikasikia amekohoa ndani, nikakumbuka kiapo. Kosa hilo ni langu na sitamgawia mtu. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nalijua kuliko wewe unavyolijua.

Lakini na wewe nikuulize. Mwezi wa tatu nilikuomba jibu la swichi inabaki wapi, nikakwambia usilichukulie juujuu. Ukanijibu kuhusu rangi nyekundu. Hata kama ni juisi, Sumaku, mtu aliyekushikia taa ya masomo anapokuuliza swali mara moja kwa dhati, si unamjibu? Ulijua kibao kipi ni sahihi. Uliandika. Ukatuma kile ambacho Baba angekitazama.

Sasa kuhusu Baba. Anajua nani aliyetuma mashine, na anajua hivi: kwamba mashine ilikuwa nzima. Anawaambia wote wanaokuja kumpa pole. Jana alikuja seremala kumpima magongo, nikiwa nakunja nguo hapohapo, akamwambia, "Mwanangu alinitumia kompyuta kutoka huko aliko. Haina kosa mashine ile. Kosa ni la aliyeiacha peke yake akaenda mjini." Seremala akanitazama, kisha akatazama futi yake.

Nikaendelea kukunja nguo. Ningesema nini? Nikimwambia, itakuwa binti aliyemchoma maji anamsingizia mdogo wake aliye mbali.

Kile kibao kidogo nimekinunua. Nimekiweka tangu Mei, Baba akiwa bado hospitali. Kuandika ile programu kulinichukua jioni mbili. Kimekatikiwa umeme mara tano na mara tano kimeamka chenyewe, na kikizimika friji inazimika pia. Baba hakitazami. Kiti chake bado kiko mbele ya ile skrini yako, ambayo haijaunganishwa na kitu chochote.

Ninachokuomba ni kimoja. Mwandikie. Yeye, si mimi, barua aisome kwa macho yake. Mwambie ulivyoniambia Februari: kwamba kilichofaa ni kile kidogo, ukakijua, ukatuma kingine, na kwamba niliuliza. Si lazima ujilaumu kwa machozi. Sihitaji kuombwa radhi. Nataka aisome tu.

Dada yako


2 Agosti

Dada yangu,

Samahani nimechelewa. Kila siku nilikuwa naianza barua ya Baba. Nilifika mpaka nusu, wallahi, karatasi ninayo hapa.

Halafu juzi dereva akaniletea bahasha, nikaujua mwandiko kabla sijaishika. Baba ameniandikia. Mwenyewe, kwa penseli, mistari kumi na moja. Ameniita "mwanangu Sumaku." Anasema kazi yangu ameiona na ameridhika nayo. Anasema, "Sasa nakuita, ingawa sikusimama kama nilivyoahidi." Miaka sita, dada. Nimekaa juu ya ngazi ya mzani nikalia mbele za watu.

Niambie wewe mwenye busara. Mtu amekatwa mguu, ana sukari, ana miaka yake, kitu kimoja tu kinampa furaha, na mimi ndiye nikichukue? Nimwandikie kwamba kazi aliyoiona si kitu? Nitakuwa nimemkata mguu wa pili. Ukweli huo utamsaidia nani? Wewe na mimi tunaujua, na Mungu anaujua. Siku moja, akipata nafuu kabisa, tutakaa wote watatu tumweleze taratibu.

Wewe ni mkubwa wetu. Tangu Mama aondoke wewe ndiye Mama. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, na mimi najua kifua chako kinabeba. Nivumilie kwa hili.

Nitakuja Desemba. Nitakuja na bodi mpya, ya kisasa, haiduwai hata ukiipiga teke. Nitaifunga mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Sumaku


25 Agosti

Sumaku,

Barua yako nimeipokea, na ya Baba aliyokuandikia naijua, kwa kuwa ni mimi niliyemchongea penseli.

Nimekuelewa. Sitakuomba tena. Ila hilo la jalala nimelifikiria sana nikiwa kwenye cherehani, na nimeona wahenga hawakusema nani asimame pale milele. Mtu mwingine anaweza kukaa zamu.

Kiwanda cha sare kilichonipa kazi ile ya shule kimenitaka nikawe msimamizi wa wakataji nguo, huko huko mjini, na chumba cha kulala wanatoa. Walinitaka pia mwaka juzi nikakataa kwa sababu unayoijua sasa. Safari hii nimekubali. Ninaanza wiki ya pili ya Desemba. Nitakungoja mpaka uvuke kizingiti, nitakuonyesha mambo siku mbili, kisha nitaondoka. Baba nimemwambia kwamba unakuja kukaa, si kutembea. Amefurahi mno. Amemwambia seremala, amemwambia muuguzi, na tangu jana ananyoa ndevu. Ukitaka kumwambia kwamba ni likizo ya siku kumi, mwandikie wewe. Kuandika unajua.

Nakupa mambo mapema uyazoee. Sindano ni asubuhi saa moja na jioni saa moja, kabla hajala, tumboni, na kila siku uhamishe mahali. Pima kwanza, ukishapima ndipo uchome. Usimwamini akisema ameshapima. Kisiki cha mguu kinafungwa bandeji kutoka chini kwenda juu, kibane lakini kisiume, na mguu uliobaki utazame kila jioni, katikati ya vidole, hata akigomba. Atagomba. Atakwambia una mikono ya kiume na kwamba mimi nilikuwa naikaza zaidi, au nailegeza zaidi, kutegemea siku. Kliniki ni kila Jumanne ya tatu ya mwezi, na kutoka barabarani hadi mlangoni lazima umbebe, kwa kuwa magongo yanazama kwenye mchanga. Akiamka anatetemeka na jasho, ni sukari imeshuka. Mpe kitu kitamu umkalie karibu mpaka akuite kwa jina lako. Siku nyingine huniita kwa jina la Mama, na mimi huitika.

Friji usiiguse. Bodi yako mpya ukija nayo, iweke kwenye meza yako.

Chumba cha mbele nimekifagia, godoro nimelianika. Baba huogeshwa asubuhi, kabla ya chai. Maji yake yawe ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko, kwa kuwa mguu wake uliobaki hauhisi moto.

Dada yako